Tangawizi, Manjano na Kifua cha Mtoto: Dawa Zetu za Baridi Zilikotoka

Ukiwa jikoni, endelea na kazi yako huku ukinisikiliza. Ukiwa na mtoto mgongoni, mfunike vizuri kwanza, maana baridi ya Julai hapa kwetu Salgaa haina mzaha. Watu wa pwani wana jina zuri la msimu huu, huuita kipupwe. Sisi wa huku juu, kuanzia Rongai kupanda hadi Molo na Mau Summit, tunasema tu "baridi imeingia", na kila mtu anaelewa. Ukungu unatanda barabarani, trela zinawasha taa saa tatu asubuhi, na foleni ya watoto wanaokohoa inarefuka kliniki.

Msimu huu pia ndio wa tangawizi. Mama anayeuzia madereva chai kando ya barabara ataitwanga na kuitia katika sufuria bila kuulizwa. Nyumbani tunachemsha limau na kitunguu saumu, wengine wanaongeza manjano, wengine majani ya muarobaini. Tunaita zote dawa ya asili, kana kwamba zimeota katika msitu wa Mau tangu siku za nyanya zetu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi minne. Alikuwa amekohoa siku tatu. Katika siku hizo tatu alikuwa amepewa maji ya tangawizi yenye asali kwa kijiko, na jioni kidogo cha maji ya muarobaini yaliyochemshwa. Nilipomfunua shati niliona ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Tulimpa dozi ya kwanza, tukatafuta gari, akapelekwa Nakuru siku hiyo hiyo. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kabla hajapanda gari yule mama aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sista, si hii ni dawa ya asili? Si Wahindi huitumia tangu zamani, na watoto wao hawaugui?"

Nilisomea stashahada yangu ya uuguzi bila mtu kunifundisha tangawizi imetoka wapi. Basi nilianza kuuliza na kusoma. Leo nataka tuisimulie safari hiyo, kwa sababu nimegundua kwamba tulipopokea viungo hivi kutoka kwa wenzetu, tulichukua kijiko tukaacha mengi yaliyokuwa nyuma ya kijiko.

Tuanzie India. Huko kuna elimu ya kale ya uganga inayoitwa Ayurveda. Jina hilo ni maneno mawili ya Kisanskriti, ayus ni uhai na veda ni maarifa. Kitabu chake maarufu zaidi kinabeba jina la tabibu Charaka, nacho kiliandikwa yapata miaka 2000 iliyopita. Waganga hao waliugawa mwaka katika misimu sita ya miezi miwili miwili, na kila msimu wakaupangia namna ya kula, ya kulala, ya kuoga na ya kuvaa. Mpango wa msimu waliuita ritucharya, na mpango wa siku, tangu kuamka hadi kulala, wakauita dinacharya.

Sikiliza walivyosema juu ya miezi ya baridi. Walifundisha kwamba baridi ya nje huufungia moto wa mwili ndani, kwa hiyo tumbo huwa na nguvu ya kusaga chakula kuliko msimu mwingine wowote. Moto huo ukikosa kuni, unaanza kuula mwili wenyewe. Ndiyo maana waliagiza watu wale chakula kizito na cha moto: maziwa, samli, mchele mpya, vitu vya miwa, supu ya nyama kwa wanaokula nyama. Wakasema mtu ajipake mafuta mwilini, aoge maji ya moto, aote jua, avae nguo nzito, alale chumba chenye joto, asijinyime chakula na asikae penye upepo.

Umeona, mama? Tangawizi imo katika elimu hiyo, na pilipili manga imo, na manjano yamo. Lakini katika mafundisho ya msimu wa baridi kinachotangulia ni shibe, mafuta na joto. Kiungo ni msaidizi. Na jambo lingine lililonishangaza: chai yenyewe, hii ya majani tunayokunywa, haimo katika mpango ule wa kale. Hata huko India, chai ya maziwa ilienea kwa watu wa kawaida karne ya 20 tu, kampuni za chai zilipoanza kuitangaza kwa nguvu. Hapa Kenya majani ya chai yalipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata miaka ya 1920. Kwa hiyo kikombe chetu cha chai ya tangawizi si cha kale kama tunavyodhani. Labda kina umri wa babu yako.

Viungo na samli, hata hivyo, vilitangulia sana. Kuna kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoeleza biashara ya bahari yetu ya Hindi. Kinataja meli zilizotoka Gujarat zikileta katika bandari za upande wa Somalia ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na kile walichokiita asali ya mwanzi, yaani sukari. Fikiria hilo: miaka 2000 iliyopita mama wa pembe ya Afrika angeweza kununua samli iliyotoka India. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakarudi na kusi, mwaka baada ya mwaka, na pamoja na magunia walishuka watu na maarifa yao.

Pwani yetu maarifa hayo yalikutana na mengine. Waarabu walileta tiba iliyoanzia kwa Wayunani na kuendelezwa na matabibu kama Ibn Sina. Tiba hiyo nayo ilipima mwili kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Mpaka leo nyanya wa Mombasa au Lamu atakuambia chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi, bila kumaanisha kilivyo mdomoni. Na sisi wa bara tunalitumia neno la elimu hiyo bila kujua. Ugonjwa wa maumivu ya viungo tunauita baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Baridi na ukavu: hilo ni jina alilolitoa tabibu wa zamani, sisi tunalitamka tukipanga foleni ya kununua dawa ya kupaka magoti.

Karafuu zilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Tangawizi, iliki, mdalasini na manjano vilipata udongo mzuri visiwani na katika milima ya Tanzania. Tangawizi ya wilaya ya Same inajulikana hadi leo. Muarobaini nao asili yake ni India na nchi jirani zake. Huko unaitwa neem, na kwa karne nyingi watu wamesafisha meno kwa vijiti vyake. Ulipofika pwani ya Waswahili ukapewa jina la sifa, mti wa kutibu magonjwa arobaini. Nadhani jina hilo ndilo limetuponza. Mti ungeitwa mti wa kusafishia meno, nisingewaona watoto wengine niliowaona.

Sasa viungo vilifikaje huku kwetu, mbali na bahari? Vilifika kwa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Mapatano yao ya kazi yaliwapa mshahara mdogo pamoja na posho ya chakula. Reli ilifika Nairobi 1899, ikashuka Bonde la Ufa, ikafika Nakuru 1900, ikapanda Njoro, Elburgon, Molo na Mau Summit, ikateremka hadi Kisumu mwezi Desemba 1901. Karibu 2,500 kati ya wafanyakazi hao walikufa, kwa malaria, kuhara damu, ajali na maradhi mengine. Sote tumesimuliwa habari za simba wa Tsavo, lakini maradhi yaliua wengi kuliko simba. Zaidi ya 6,700 waliobaki hai waliamua kukaa.

Mimi hufikiria sana watu hao wakiwa kambini juu kule Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mtu wa nchi ya joto akilala kwenye hema katika baridi ambayo hata sisi wenyeji hutufanya tujikunyate.

Nyuma ya reli zilikuja duka. Mfanyabiashara mashuhuri alikuwa Alidina Visram, aliyefika Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo mwaka 1863 na kufungua duka moja baada ya jingine, kisha akaifuata reli hadi Uganda. Alifariki 1916. Wengine wadogo kuliko yeye walifungua vyumba vya mabati kwenye stesheni. Wahindi hawakuruhusiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilikataa tena kubadili mpango huo. Kwa hiyo katika sehemu kama Nakuru walikaa mjini, wakauza chumvi, sukari, blanketi, kandili, na katika mikebe nyuma ya kaunta, bizari na iliki. Vibarua wa mashamba walinunua hapo. Wapishi na yaya Waafrika walijifunza kukanda chapati na kukaanga manjano katika nyumba za waajiri wao, wakarudi na ujuzi huo makwao. Hivyo ndivyo harufu ya jiko la Gujarat na Punjab ilivyoingia nyumba ya udongo ya Rongai.

Kabla ya hapo hatukuwa mikono mitupu. Waogiek wa Mau walikuwa na asali, na waliitumia kwa kifua. Wakalenjin walikuwa na mursik. Wamaasai walichemsha supu ya mifupa na magome ya miti. Ukilinganisha supu hiyo na maagizo ya Charaka ya msimu wa baridi, utaona watu wawili ambao hawajawahi kukutana wakifikia wazo moja: mwili unaopambana na baridi unataka chakula cha moto chenye mafuta.

Nirudi kwa swali la yule mama, kwamba watoto wa Wahindi hawaugui. Hapa historia ina jibu la kuhuzunisha. Mwaka 1918 dunia ilipatwa na mafua makubwa. Kwetu yaliingia kwa bandari ya Mombasa, yakapanda bara na wasafiri, kwa reli ile ile iliyopandisha tangawizi. India, nyumbani kwa manjano na elimu yote niliyoieleza, ndiyo nchi iliyopoteza watu wengi kuliko nchi yoyote duniani. Hata makadirio ya chini yanazidi watu milioni kumi. Hawakufa kwa kukosa viungo. Wengi wao walikuwa na njaa, maana mvua ilikuwa imekatika mwaka ule, na hakukuwa na chanjo wala dawa ya kutibu mapafu yaliyooza baada ya mafua.

Tuliliona tena kwa macho yetu. Mwezi Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, bei ya malimau na tangawizi ilipanda sokoni kabla hata barakoa hazijatufikia. Jirani zetu wa Tanzania walijifukiza kwa nyungu. Serikali ya India, kupitia wizara yake ya tiba za asili, iliwashauri watu wanywe maziwa yenye manjano na chai ya mdalasini, tangawizi na pilipili manga. Madereva wa trela waliokwama mipakani wakingoja majibu ya vipimo walikuwa na chupa za tangawizi ndani ya magari. Hakuna aliyekosea kutaka kitu cha moto cha kunywa. Lakini Aprili na Mei 2021 India ilikumbwa na wimbi baya kupita yote, hospitali zikaishiwa oksijeni. Kama kijiko cha manjano kingetosha, pale kingetosha.

Sisemi elimu hiyo ni bure. Watu wengi wa hapa kwetu waliisikia Ayurveda kwa mara ya kwanza kwa ajili ya familia ya marehemu Raila Odinga. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alisimulia katika kipindi chake cha redio jinsi Rosemary, binti wa Raila, alivyopata nafuu ya macho baada ya matibabu ya Ayurveda jimbo la Kerala. Raila mwenyewe alifariki huko huko Kerala tarehe 15 Oktoba 2025, akiwa amekwenda kwa matibabu. Tangu siku hizo naulizwa kliniki: sista, tununue zile dawa za Kihindi? Habari ya mgonjwa mmoja siwezi kuipima nikiwa hapa Salgaa. Ninachoweza kukuambia ni kilichopimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au arseniki. Mwaka 2008 walipima nyingine 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na sumu hizo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na ukishaharibika hauna marekebisho. Kwa hiyo chupa au kopo lisilojulikana lilikotengenezwa, usimpe mtoto, hata kama lina picha ya majani mabichi.

Hata manjano ya unga yanahitaji jicho. Huko Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiyatia rangi ya kemikali yenye risasi ili yang'ae, jambo lililofichuliwa wazi mwaka 2019, na serikali yao ikalikomesha kwa msako. Mimi hununua mizizi mizima, nakausha na kusaga mwenyewe. Ni kazi, na mikono inabaki ya njano siku mbili, lakini najua ninachokula.

Na muarobaini? Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mti huo kama dawa ya nyumbani. Walitapika, wakalala usingizi mzito, wakapata degedege, na wengine walikufa. Kijiti chake kwa meno ya mtu mzima, sawa. Mdomoni mwa mtoto mchanga, hapana. Asali nayo, nzuri kama ilivyo, isimguse mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvizuia, navyo hulegeza misuli hadi ya kupumulia. Akishapita mwaka, kijiko cha asali wakati wa kulala hutuliza kikohozi kweli. Waogiek hawakukosea.

Sasa, mama, tuyatazame yale tuliyoyaacha nyuma ya kijiko.

Kwanza shibe. Mtoto wa chini ya miezi sita shibe yake ni ziwa la mama, peke yake, bila maji, bila tangawizi, bila chochote. Maziwa yako yana kinga ulizozijenga mwenyewe dhidi ya mafua yanayozunguka nyumba yako wiki hii hii; hakuna duka linalouza hiyo. Akifika miezi sita mwanzishie uji mzito, na hapa wale waganga wa kale walikuwa na neno: tia mafuta. Kijiko cha samli au mafuta ya kupikia katika managu, malenge au karoti humsaidia mtoto kupata vitamini A iliyomo, na vitamini hiyo hulinda kifua na tumbo. Nimeona nyumba nyingi mboga ya mtoto inachemshwa kwa maji tu, kwa kudhani mafuta ni mazito kwake. Si mazito.

Wahindi wana tunda chungu kiasi liitwalo amla, wanalitengenezea jamu ya kuliwa wakati wa baridi. Sisi tuna pera, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na watoto wanaliokota chini ya mti bila kulipa. Tumelidharau kwa sababu ni la bure.

Halafu ile chai. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini kutoka kwenye maharagwe na mboga. Mtoto anayekunywa chai ya rangi pamoja na ugali wake kila siku anaishia kuwa mweupe viganja, mchovu, na hewani kila ugonjwa ukipita unamshika. Kama unataka kumpa kitu cha moto, mpe maziwa yaliyochemshwa au uji wa wimbi. Mtoto aliyepita mwaka akitaka ladha, chembe ya tangawizi katika uji haimdhuru. Wewe mwenyewe kunywa chai yako ya tangawizi, lakini uiache ikae mbali na saa ya mlo.

Pili mafuta ya mwili. Kumpaka mtoto mafuta na kumkanda taratibu penye jua la saa nne ni desturi ya India ambayo pia ilikuwa yetu. Mwaka 2005 utafiti wa hospitali moja ya Dhaka ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakipakwa mafuta ya alizeti, walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa, kwa sababu ngozi yao ililindwa. Wale walikuwa chini ya uangalizi wa hospitali; mtoto njiti wako uliza kwanza. Lakini mtoto mzima wa afya, mpake, muimbie, mfunike. Usimpake ile dawa kali ya mafua inayochoma macho. Haifai kwa wadogo.

Tatu joto, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Charaka aliagiza chumba chenye joto. Hakuagiza jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Makaa yakiwaka penye dirisha lililofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kila mwaka msimu huu tunasikia familia iliyokutwa asubuhi. Jiko lipashe nyumba moto mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya kulala. Moshi wa kuni nao huchosha mapafu ya mtoto kila siku. Mpikie akiwa upande mwingine, si mgongoni juu ya moto.

Kisha kuna jambo ambalo waganga wa kale hawakuwa nalo, wala wale wafanyakazi wa reli, wala waliokufa 1918. Tangu mwaka 2011 Kenya inawachanja watoto bure dhidi ya kijidudu kikubwa kinacholeta homa ya mapafu. Chanjo hiyo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungua kijitabu cha kliniki leo ukague. Kama tarehe imepita, usiogope kukaripiwa, njoo. Mimi mwenyewe nilichelewa na wa pili wangu wiki mbili, tukiwa kwenye msiba, na niliona haya kuliko wewe.

Na mtoto akishakohoa, jifunze kumhesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, tazama saa, hesabu dakika nzima. Wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huyo anapumua haraka, mlete siku hiyo hiyo. Ukiona ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani, au anashindwa kunyonya, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea haamki vizuri, usingoje asubuhi. Piga simu kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, tafuta bodaboda, tafuta jirani mwenye gari. Madereva wetu hapa Salgaa wana moyo. Nimeona trela likisimama.

Yule mtoto wa miezi minne sasa yuko darasa la tatu. Mama yake bado anauza chai kando ya barabara, na tangawizi yake ni kali kuliko ya wote. Nilipopita wiki jana alikuwa amembeba mtoto mwingine mgongoni, mdogo, wa wiki tisa. Nikamuuliza anampa nini na baridi hii. Akacheka, akavuta kanga, akasema, "Ananyonya tu, sista. Na Alhamisi ijayo nakuja kwa sindano ya pili."